Mwaka huu sina pesa, nimfanyie jirani wema gani?

Swali: Shikamoo mama. Naishi Makorora hapa Tanga, nina watoto wawili, asubuhi nauza vitumbua na maandazi. Krismasi ya mwaka jana nilimpelekea jirani yangu mchele kilo 5 na mafuta ya kula lita 2. Ni mama mjane wa Kiislamu, anasuka mikeka na analea wajukuu. Watoto wangu ndio waliobeba. Wakati anapokea nikampiga picha, nikairusha WhatsApp kwa wote wenye namba yangu. Sikuwa na nia mbaya, nilitaka na wengine wahamasike kutoa. Tangu siku ile ananiitikia salamu tu, basi, na zamani tulikuwa hatuachani barazani. Mwaka huu biashara imedorora, sina cha kutoa. Ningependa msimu huu niwafundishe watoto wema mdogo mdogo wa kila siku, na jirani yangu nimrudishe. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nianze na hiyo picha, maana naona umeitaja katikati kama jambo la kupita, na ndiyo inayokunyima usingizi.

Jirani yako hana ugomvi na mchele. Mchele aliupika, akala na wajukuu zake, na huenda alikuombea dua. Kilichomchoma kilikuja baadaye, pale mtu alipokutana naye njiani akamwambia, "Nimekuona." Neno moja tu hilo linatosha. Mwanamke anayekaa na chane zake za ukindu tangu asubuhi ili asimnyooshee mtu mkono, leo mkono wake ulionyooshwa umo kwenye simu za watu asiowajua.

Huku kwetu pwani tuna neno sitara. Nguo ni sitara, mlango ni sitara, hata maiti akizikwa tunasema amesitiriwa. Mtu akipungukiwa, upungufu wake nao una nguo yake, na anayekuja kumsaidia hutakiwa aje bila kuivua. Wewe ulimwachia mchele ukaondoka na nguo. Wazee walikuwa wakiogopa sana masimango, yaani kumfanyia mtu jambo kisha ukawa unamkumbusha. Picha ni simango lisilolala. Linamkumbusha hata wewe ukiwa umelala.

Sikusemi kwa sababu mimi ni msafi. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka 27, na Desemba moja tulikwenda kwenye kituo cha watoto, sikitaji jina, tukiwa na maboksi ya sabuni, biskuti na nguo za mitumba zilizofuliwa vizuri. Tukawapanga watoto mstari, kila mmoja na mche wake wa sabuni mkononi, tupige picha ya ripoti. Kijana mmoja, miaka kama 10 hivi, akaunyanyua ule mche akauweka mbele ya uso wake. Nikamwambia kwa upole kabisa, "Shusha sabuni mwanangu, tukuone." Akashusha. Picha ikatoka nzuri, ripoti ikasifiwa. Mpaka leo nikiingia dukani nikaona miche ya sabuni imepangwa, namwona yule mtoto. Alikuwa ameshaniambia kila kitu, na mimi nikamwambia ashushe.

Jambo hili wala si geni kwa dini yako au yake. Kwenye Mathayo sura ya 6 umesoma kwamba utoapo sadaka, mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Muulize ustadhi yeyote hapo Makorora, atakusomea hadithi ya Mtume juu ya watu 7 watakaokuwa kwenye kivuli cha Mwenyezi Mungu siku isiyo na kivuli ila chake, na mmoja wao ni yule aliyetoa sadaka akaificha, hata mkono wake wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Mikono ni ile ile. Hata huyo Baba Krismasi wanayemvalisha kofia nyekundu madukani kila Desemba, asili yake ni Mtakatifu Nikolao, askofu wa Myra katika nchi inayoitwa leo Uturuki, wa karne ya 4. Masimulizi yanasema alikuwepo baba mmoja maskini mwenye mabinti watatu wasio na mahari, ambayo kwao ilitoka nyumbani kwa binti, na askofu akawa anawatupia dhahabu usiku dirishani. Usiku, mwanangu. Alikuwa na mchana wote, akachagua usiku.

Ulisema ulitaka wengine wahamasike. Sawa. Basi siku nyingine zungumza juu ya shida, usimtaje mwenye shida. Waambie wenzako wa kikundi kwamba mtaani kuna nyumba inahitaji unga, wanaoweza wakuletee wewe. Wanaotaka kutoa watatoa, na hawahitaji kuona uso wa mtu ndipo waamini.

Sasa tuje kwenye hili la kutokuwa na pesa, ambalo wewe unaliona mkosi na mimi naliona nafasi.

Mwaka 2008 jarida la Science lilitoa utafiti wa Elizabeth Dunn na wenzake, uliofanyika Kanada. Watu walipewa asubuhi bahasha yenye dola 5 au dola 20, wengine wakaambiwa wajinunulie kitu, wengine wakaambiwa wamtumie mtu mwingine, na kabla ya saa kumi na moja jioni ziwe zimekwisha. Waliotumia kwa ajili ya mtu mwingine ndio waliomaliza siku wakiwa na furaha zaidi. Aliyepewa 20 hakumpita aliyepewa 5. Wingi wa pesa haukuongeza kitu.

Upo mwingine ninaoupenda zaidi, wa Amit Kumar na Nicholas Epley. Walikwenda kwenye uwanja wa kuteleza juu ya barafu kule Chicago, wakati wa baridi kali, wakawapa watu kikombe cha chokoleti ya moto wampe mtu wasiyemjua. Kisha wakamuuliza mtoaji anafikiri mwenzake ataona ni jambo kubwa kiasi gani, na mpokeaji naye wakamuuliza. Watoaji walikisia chini. Sababu yake ndiyo nataka uishike: mtoaji anatazama kitu alichotoa, anaona ni kikombe tu. Mpokeaji hatazami kikombe. Anatazama mtu alivyomjia.

Hapo ndipo lilipo tatizo lako na dawa yako pia. Mwaka jana wewe ulihesabu kilo na lita. Yeye alihesabu ulivyokuja: watoto mbele, simu juu. Mwaka huu huna kilo wala lita, umebaki na namna ya kwenda tu, nayo ni bure.

Kwanza kamwombe radhi, kabla ya Krismasi, wala usiifanye ionekane ni ya Krismasi. Nenda mkono mtupu. Najua hapa utanibishia, maana tumelelewa kwamba hodi haipigwi mikono mitupu. Lakini radhi iliyokuja na kifurushi inafanana na malipo, na yeye ameshachoka kupokea kutoka kwako. Chagua saa tulivu, baada ya swala ya alasiri, akiwa amekaa na ukili wake, ule mkanda wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Watoto waache nyumbani. Simu iache nyumbani. Sema maneno machache: "Mama, ile picha ya mwaka jana nilikosea. Sikukusitiri. Nisamehe." Kisha nyamaza. Usieleze nia yako ilikuwa ipi, usitafute shahidi, usilie ukamfanya yeye ndiye akubembeleze. Akisema yameisha, itikia. Akinyamaza, kaa kidogo, mtazame anavyosuka, kisha aga. Huenda yakachukua wiki. Ametumia mwaka mzima kukaa nayo. Usimpangie muda wa kuyaacha.

Halafu, zikipita siku mbili tatu, mwombe msaada.

Ndiyo, wewe umwombe yeye. Watu wengi wakifikiria wema wanafikiria kutoa, na wanamwacha mwenzao kila siku upande wa kupokea. Mtu akipokea tu bila kupata mwanya wa kurudisha, shingo inamwinama, na mwisho anakukwepa njiani. Epley huyo huyo na mwenzake Xuan Zhao walichunguza jambo hili pia: tunaohitaji msaada huwa tunadhani tutawasumbua watu, kumbe wanaoombwa hufurahi kusaidia kuliko tunavyokisia.

Una mambo mawili ya kumwomba, na yote ni ya kweli, hakuna la kuigiza. Shule zimefungwa na watoto wako wanazurura. Mwombe amfundishe mmoja kusuka ukili. Si kazi ya siku moja. Mtoto ataanza na chane chache, atafumua, atasuka, atafumua tena, vidole vitauma. Atakaa pale kibarazani wiki nzima akisikia hadithi na kutumwa dukani. Mama yule atapata mikono midogo ya kumchambulia ukindu na sikio la kuzungumzia, wewe utapata mtoto asiyeshinda barabarani, na hakuna atakayesema nani kamsaidia nani. Usimpe mtoto maelekezo ya "kamfurahishe bibi." Mwambie akajifunze kusuka, basi.

La pili ni kuku. Ukibahatika kupata hata mmoja wa sikukuu, mwombe mjukuu wake mkubwa, au mwanamume yeyote wa nyumba ile, akuchinjie. Hii ni adabu ya zamani katika miji yetu. Mkristo anayetaka majirani wale naye humpa Mwislamu kisu, na hapo kitoweo kinakuwa cha nyumba zote mbili. Mimi ni Mbondei wa Muheza, kwetu Anglikana imeingia tangu misheni ya Magila, karne ya 19, lakini baba yangu mdogo alikuwa akienda msikitini, na sikumbuki Krismasi ambayo kisu kilishikwa na mtu mwingine asiye yeye. Alikuwa akija mapema kuliko tuliokuwa tunajiandaa kwenda ibadani, kanzu kaikunja, anauliza, "Yuko wapi huyo mtuhumiwa?" Kama sufuria yako imewahi kupika kitimoto, azima nyingine, na mwambie wazi kwamba umeazima. Kuku asipopatikana, wewe ni fundi wa vitumbua. Mchele unaoloweka kwa vitumbua unatosha mkate wa kumimina, na hapo hakuna anayeuliza nani kachinja.

Uliniuliza pia juu ya watoto na wema wa kila siku. Hapa nitakupinga kidogo: usiufanye wa kila siku. Mtafiti mmoja wa California, Sonja Lyubomirsky, aliwapa wanafunzi kazi ya kutenda mambo mema 5 kwa wiki, kwa wiki 6. Waliotawanya mambo yao wiki nzima furaha yao haikubadilika. Walioyafanya yote 5 siku moja ndio walioongezeka. Jambo dogo likitawanywa huyeyuka kwenye shughuli za kawaida, mtoto hata hajui kama amefanya kitu. Basi chukua Jumamosi za Majilio, zile wiki za kuingojea Krismasi, kila moja mfanye mambo machache kwa siku hiyo, usiku mnaambiana mlichofanya, ndani, mlango umefungwa. Hapo ndipo pa kujisifu. Watoto wanahitaji kusifiwa, tusidanganyane, ila wasifiwe na mama yao.

Na wafanye nini? Sitakupa orodha, kwa sababu orodha ndiyo inayozaa picha. Waulize wao wamemwona nani amechoka. Mtoto wa Makorora anaona mengi: mzee anayesukuma baiskeli kupanda kilima kidogo akiwa na gunia la machungwa, msichana wa kazi wa nyumba ya pili anayechota ndoo ya sita, mlinzi wa duka ambaye watu wote wanapita bila kumwamkia. Kumsukumia mzee baiskeli mpaka juu hakuhitaji mtaji. Tahadhari moja tu: wasiende alfajiri kumfagilia mtu uwanja kimya kimya bila kumwambia. Najua vitabu vya wenzetu vinapenda wema wa kushtukiza. Huku kwetu ukikutwa na ufagio kwenye uwanja wa mtu kabla ya jua, utapewa jina ambalo Krismasi kumi hazitalifuta.

Wewe mwenyewe unayo sehemu yako, na sidhani kama umeiona. Unauza vitumbua, kwa hiyo una daftari la wanaokula kwa mkopo. Lifungue usiku mmoja. Yumo fundi cherehani aliyeahidi kulipa akipata kazi za sikukuu, yumo kijana wa mkokoteni, yumo mama ambaye tangu Novemba anapita njia nyingine asikutane nawe. Simwambii mfanyabiashara afute madeni, mtaji ni mtaji. Lakini wiki ya Krismasi usimdai mtu mbele ya wateja. Na kama lipo deni la mtu mmoja ambalo unajua halilipiki, la elfu moja au mia saba, lipigie mstari. Asubuhi yake akipita mbali, mwite kwa jina, mpe kitumbua cha moto, mwambie tu, "Lile la zamani sina habari nalo." Kwa sauti ya chini. Atarudi kupita njia yake, na nakuhakikishia hata biashara haitaumia, maana mdeni anayejificha hanunui.

Kama yupo ndugu au rafiki yako mwenye msichana wa kazi, mnong'oneze amlipe mapema mshahara wa Desemba, sio jioni ya tarehe 24 wakati mabasi ya Lushoto na Handeni yameshajaa pale Kange na nauli haishikiki. Nimeona mabinti wengi wakila sikukuu jikoni kwa watu, machozi yanachanganyika na kitunguu, kwa sababu tu mwenye nyumba alisahau kwenda kwenye mashine ya pesa. Kwa mwenye nyumba ni siku mbili. Kwa binti ni mama yake.

Kutoa damu nako ni wema usiogusa mfuko. Shule zikifungwa, wanafunzi ambao ni wachangiaji wakubwa wanakuwa majumbani, na ajali na uzazi havifungi. Ukiwa na umri kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50, afya nzuri, huna mimba wala hunyonyeshi, nenda hospitali ya Bombo ukaulize. Mwanamke anaweza kuchangia kila baada ya miezi 4. Kunywa maji, kula kabla hujaenda, na siku hiyo usibebe ndoo kichwani ukirudi.

Bombo hapo hapo, kama una mtu unayemfahamu amelazwa, nenda kwenye saa za kuona wagonjwa, lakini macho yako yawe kwa anayemuuguza. Mgonjwa analetewa uji, matunda, maombi. Yule aliyelala kwenye khanga sakafuni siku 9 hakuna anayemuuliza kama ameoga. Mwambie, "Nenda kaoge, nitakaa naye mimi."

Na kwenye nyumba ambayo Krismasi hii ndiyo ya kwanza bila mtu wao, usiende kuwachangamsha. Kaa. Mtaje marehemu kwa jina lake, sema jambo unalomkumbukia, kama alivyokuwa akichelewa ibada au akila maandazi yako bila kulipa. Sisi huwa tunakwepa jina tukidhani tutawaliza. Wanalia hata tusipolitaja, tofauti ni kwamba wanalia peke yao.

Usimalize kila kitu Desemba. Mwezi huo kila mtu ana mkono mwepesi. Shida yenyewe iko Januari shule zikifunguliwa. Ada ya shule za serikali iliondolewa, lakini daftari, sare na viatu bado vinanunuliwa. Ukipata elfu mbili tatu za ziada kwenye maandazi ya sikukuu, zifunge kwenye kitambaa. Wale wajukuu wa jirani wataingia darasani na wewe utajua nani hana daftari, kwa sababu mwanao atakuwa ameshasuka nao ukili likizo hii. Mpe mwanao daftari mbili, aende nazo shuleni, ampe mwenzake huko huko.

Siku yenyewe ya Krismasi, mkishakula au kabla, pakua sahani ya jirani. Chagua sahani yako nzuri, ifunike na kawa au kitambaa safi, na yule aliyejifunza kusuka ndiye aipeleke na apige hodi. Wewe baki jikoni. Unajua desturi yetu, chombo hakirudi kitupu, kwa hiyo sahani inaweza kukaa kwake siku mbili tatu. Usimtume mtoto kuifuata. Ikirudi ina ndimu mbili na kipande cha mnazi wa kuwashia jiko, usiseme, "Jamani mama, ulikuwa na haja gani?" Ipokee kwa mikono miwili, na mbele yake mwambie mtoto akate ndimu moja, mkaitie kwenye kachumbari mchana ule ule.